Pua na siku ya kazi: mwongozo kwa mwenye mzio wa pua anayetoka nyumbani kila asubuhi

Maswali ni yale yale. "Mbona nikifika ofisini tu naanza kupiga chafya?" "Nimeze dawa gani isiyonisinzisha?" "Kwenye basi pua inaziba, nikishuka inavuja, nifanyeje?" Nimeyajibu kwa mdomo, nimeyajibu kwa simu, na siku moja niliyajibu kwenye sinki la kunawia kazini, mimi na mwulizaji wote tumeshika tishu. Heri niyaweke mahali pamoja.

Mimi si daktari. Nina pua hii tangu ujana, na mengi utakayosoma hapa niliyajua baada ya kukosea. Kosa langu kubwa lilikuwa kupigana na pua saa nne asubuhi nikiwa mezani kwangu, wakati vita nilishaishindwa tangu saa kumi na mbili. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini hufanyika kabla hujafika kazini.

Kwanza, ni mzio kweli?

Mafua ya virusi huja na uchovu wa mwili, koo kuuma, pengine homa, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio hauleti homa. Makamasi huwa mepesi kama maji, pua na macho huwasha, chafya huja kwa mafungu, na hali hiyo hurudi mahali pale pale au wakati ule ule. Wataalamu huita rinitisi ya mzio.

Kuna pia pua isiyo na mzio wowote ila ina hasira: hewa baridi ya ghafla, moshi, manukato, hata pilipili, na mara inavuja au inaziba. Hii haiwashi sana, na vidonge vya mzio huisaidia kidogo tu. Hatua za njiani na mezani zitakufaa hata kama yako ni ya aina hiyo.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu
- Dawa ya pua na vidonge ulivyokubaliana na daktari au mfamasia
- Maji ya chumvi ya kusafishia pua, na chupa yake
- Barakoa 2 au 3 kwa siku, si moja
- Tishu laini, na mfuko wa kutupia zilizotumika
- Kitambaa cha kufutia kinacholoweka maji vizuri
- Mafuta mazito ya mgando kwa ajili ya ngozi chini ya pua
- Miwani, ya jua au ya kawaida, kama macho nayo huwasha

Feni za shingoni, mashine za mezani zinazorusha mvuke, vijiti vya kunusa vyenye mentholi: acha kwanza. Mentholi hukufanya uhisi pua imefunguka, lakini uvimbe wa ndani unabaki ulivyokuwa.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili

Usiruke hatua hii kwa sababu haionekani kama tiba. Kila pua inapokusumbua, andika saa, mahali, kulikuwa na nini, na ukali wake kutoka 0 hadi 3. Andika na siku za mapumziko pia, tena hizo ndizo zenye siri.

Baada ya wiki mbili soma mfululizo. Ukiamka na chafya kabla hujagusa mlango, tatizo liko kitandani: utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na mito. Ukianza njiani, ni moshi, vumbi au chavua, yaani ungaunga wa maua na nyasi. Ukiwa mzima hadi ukae mezani, chunguza chumba. Na kama Jumamosi na Jumapili unapumua vizuri, halafu Jumatatu mchana mambo yanarudi, chukua daftari hilo umpelekee daktari, kwa maana huenda kazi yenyewe ndiyo inayokudhuru. Nitalirudia hili mbele.

Hesabu pia siku. Madaktari hutenganisha mzio wa hapa na pale na mzio wa kudumu kwa kipimo rahisi: ukisumbuliwa siku 4 au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikazidi wiki 4 mfululizo, wako ni wa kudumu. Tofauti hii ndiyo itakayoamua dawa.

Hatua ya 2: Ijue dawa iliyo mkononi mwako

Hapa ndipo watu wengi huvurugikiwa, maana chupa za dawa za pua hufanana kama mapacha. Soma jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo. Majina haya nayaandika kwa Kiswahili. Kwenye boksi tahajia ni ya kigeni, lakini ukiyatamka mfamasia atakuelewa.

*Vidonge vya zamani*, kama klorofenamini na promethazini. Vinakausha pua, na vinalaza. Ubaya wake ni kwamba unaweza kujiona umechangamka huku mikono na akili vimechelewa. Kama unaendesha chochote chenye injini, au unasimamia mashine, si vyako vya mchana. Hata ukimeza usiku, uzito wake unaweza kukufuata hadi asubuhi. Wenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba waulize kabla ya kuvigusa.

*Vidonge vipya*, kama setirizini, loratadini na feksofenadini. Hivi ndivyo vya mtu wa kazi. Kwa mtu mzima setirizini au loratadini huwa miligramu 10 mara moja kwa siku. Setirizini husinzisha baadhi ya watu. Ukiwa mmoja wao, imeze jioni. Feksofenadini haisinzishi wengi, ila imeze kwa maji matupu: juisi ya chungwa, tofaa au balungi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Vidonge hivi ni vizuri kwa chafya, muwasho na makamasi. Kwa pua iliyoziba kabisa havina nguvu sana.

*Dawa za kupuliza zenye steroidi*, kama flutikasoni, mometasoni na budesonidi. Hizi ndizo nguzo kwa mzio wa kudumu na kwa pua inayoziba. Neno steroidi huwatia watu hofu, lakini kipimo chake ni kidogo na hufanya kazi puani penyewe. Hazifungui pua papo hapo. Zinaanza kusaidia ndani ya saa kadhaa, na nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili za kupuliza kila siku. Watu wengi huzitupa siku ya tatu wakisema hazifanyi kazi.

*Dawa za kuzibua haraka*, kama oksimetazolini na zailometazolini. Hizi hufungua pua kwa dakika chache na ni tamu ajabu. Zisizidi siku 3 hadi 5. Ukizidisha, pua huziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, nawe unapuliza tena, na tena. Mimi nilizitumia miezi minane. Nilikuwa na chupa kwenye droo, chupa kwenye begi, na chupa chini ya mto, na bado nilijiambia kwamba mzio wangu umekuwa sugu. Haukuwa mzio tena, ilikuwa dawa.

Kwa ufupi: ukisumbuliwa mara moja moja, kidonge kipya kinaweza kutosha, na ni bora ukimeze kabla ya kukutana na adui kuliko baada. Ukisumbuliwa karibu kila siku, zungumza na daktari kuhusu ya kupuliza yenye steroidi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye shinikizo la damu au anayetumia dawa nyingine kila siku aulize kwanza, asinunue kwa kubahatisha. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini hupandisha shinikizo na hufukuza usingizi.

Hatua ya 3: Puliza sawasawa

Nimewahi kuwaomba wenzangu wanionyeshe wanavyopuliza. Karibu wote hufanya vile vile: kichwa nyuma, kidole kwenye chupa, kisha wanavuta kwa nguvu kama mtu anayenusa ugoro. Dawa yote inaishia kooni. Fanya hivi:

a) Penga kamasi taratibu. Tikisa chupa. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi, ipulize hewani mpaka utoke ukungu laini.

b) Inamisha kichwa mbele kidogo, kana kwamba unatazama vidole vya miguu.

c) Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia. Kwa njia hii ncha ya chupa huelekea upande wa nje, usawa wa sikio, na si kwenye ukuta wa katikati ya pua.

d) Bonyeza huku ukivuta hewa polepole, kama mtu anayenusa ua. Toa pumzi kwa mdomo.

e) Futa ncha, funika. Usipenge kwa dakika kadhaa.

Ukisikia uchungu kooni, umevuta kwa nguvu mno. Ukiona damu kidogo kwenye tishu, huenda unaelekeza ncha kwenye ukuta wa katikati. Pumzisha tundu hilo siku moja au mbili, kisha rekebisha mkono. Damu ikiendelea, nenda uchunguzwe.

Hatua ya 4: Safisha pua nyumbani, mapema

Maji ya chumvi huondoa vumbi na makamasi kabla dawa haijaingia. Safisha pua kwanza, subiri kama dakika 10, kisha puliza dawa. Ukigeuza mpangilio, unaiosha dawa.

Pakiti za chumvi zilizopimwa ni rahisi zaidi. Ukitengeneza mwenyewe, kipimo ni gramu 9 za chumvi isiyo na iodini kwa lita 1 ya maji, yaani takriban kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa. Ikiwasha, punguza chumvi kidogo. Inama juu ya sinki, pinda kichwa upande, pumua kwa mdomo, mimina tundu la juu ili maji yatokee la chini.

Angalizo, na hili si la mzaha: usitumie maji ya bomba au ya kisima kama yalivyo. Kuna amiba, kijidudu cha majini, anayeweza kuingia ubongoni kupitia puani. Ni nadra sana, lakini karibu kila mara huua. Maji yawe yaliyochemshwa mpaka yatokote kwa dakika 1 na kupozwa, au dakika 3 kama unaishi mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000. Maji yaliyotoneshwa (distilled) ya dukani nayo yanafaa. Chupa ioshwe na ikauke kila mara.

Usisafishe pua dakika mbili kabla ya kutoka. Kuna maji hujificha ndani, nayo huamua kumwagika wakati unainama kufunga viatu au, kama ilivyonitokea, wakati unatia sahihi kitabu cha mahudhurio. Acha angalau nusu saa, na uiname mara moja au mbili kuyatoa.

Hatua ya 5: Safari yenyewe

Barakoa kwanza. Chembe za chavua ni kubwa, nyingi kati ya maikromita 10 na 100, kwa hiyo hata barakoa ya kawaida ya hospitali inazuia sehemu kubwa. Kwa vumbi laini na moshi, tafuta ile iliyoandikwa N95 au FFP2, na uibane puani isivuje pembeni. Barakoa pia hupasha joto hewa unayovuta, faida kubwa kwa wale ambao pua yao huvuja kwa baridi ya alfajiri. Ikiloa, badilisha. Barakoa yenye makamasi ya saa mbili zilizopita ni mateso.

*Ukitembea kwa miguu.* Hata mtaa mmoja nyuma ya barabara kuu hupunguza moshi unaovuta. Ukilazimika kusimama kwenye taa au kituoni, usisimame usawa wa mabomba ya magari. Siku kavu zenye upepo ni mbaya kwa wenye mzio wa chavua. Ndizo siku za kutoacha barakoa.

*Kwenye basi au treni.* Usikae chini kabisa ya tundu la kiyoyozi, wala kwenye dirisha lililo wazi upande wa vumbi. Kiti cha katikati, cha upande wa njia, ndicho changu. Viti vya kitambaa hubeba vumbi na manyoya ya wanyama kutoka nguo za watu, usiegemeze uso. Mtu aliyejimwagia manukato akikaa karibu, hama bila maelezo. Huna haja ya kujitetea kwa kubadilisha kiti.

*Kwenye gari lako.* Fungua milango dakika mbili kabla ya kuondoka ili hewa iliyolala itoke. Halafu funga madirisha, na kwenye moshi mzito tumia kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Usikiache safari nzima: hewa huchakaa, kioo huingia ukungu, nawe unaanza kusinzia.

Kisha tafuta chujio la hewa ya ndani. Magari mengi ya sasa yanalo, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, na wenye magari wengi hawajui hata kama lipo. La kwangu nilipolitoa mara ya kwanza lilikuwa na majani, manyoya na mdudu mzima. Badilisha walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ukipita barabara za vumbi. Ikiwa kiyoyozi kinanuka unyevunyevu kikiwashwa, kuna koga ndani yake. Njia ya kulipunguza ni kuzima ubaridi dakika chache kabla ya kufika huku ukiacha feni ikizunguka, ili mfumo ukauke. Na kile kipambo chenye harufu kinachoning'inia kwenye kioo, kitoe leo.

Chafya nazo ni hatari barabarani, kwa sababu macho hufumba. Ukihisi fungu linakuja, punguza mwendo, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na kama zinafuatana, simama pembeni.

*Kwenye pikipiki.* Kofia inayofunika uso mzima, kioo kimeshushwa, barakoa ndani yake. Kitambaa cha ndani cha kofia kioshwe. Hukusanya jasho, vumbi na koga. Abiria anayevaa kofia iliyovaliwa na kila mtu ajifunge kitambaa safi kichwani kwanza.

*Kwenye baiskeli.* Barakoa nzito utashindwa nayo kwenye mlima. Badilisha njia, au badilisha saa: nusu saa kabla ya msongamano huokoa zaidi kuliko barakoa.

Hatua ya 6: Dakika tano za kufika

Usiende moja kwa moja mezani. Vua koti au shati la juu na ulitundike mbali na kiti chako. Nawa mikono na uso, hasa nyusi na kope, kwani ndipo vumbi hukaa. Penga tundu moja moja, mdomo wazi. Kupenga yote mawili kwa nguvu kunaweza kusukuma makamasi kwenye vyumba vya mifupa ya uso na kukuletea maumivu ambayo hukuwa nayo. Kisha paka mafuta kidogo chini ya pua kabla ngozi haijachubuka.

Hatua ya 7: Meza na chumba

Futa meza, kibodi na rafu kwa kitambaa kibichi, kila asubuhi, wewe mwenyewe. Ufagio wa manyoya huinua vumbi na kulirudisha puani. Kama ofisi hufagiwa asubuhi wakati watu wanaingia, omba ifanywe jioni, au ipigwe deki badala ya kufagiwa.

Angalia juu. Je, kiyoyozi kinakupuliza usoni? Geuza mapezi yake au hama kiti. Uliza machujio yake yalisafishwa lini. Jibu likiwa ni kutazamana, umepata chanzo kimoja. Doa jeusi darini au ukutani, na harufu ya chumba kilichofungwa, ni koga linalohitaji fundi wa kuziba maji. Kupaka rangi juu yake ni kulifunika tu.

Majalada ya zamani yahamishwe kwenye kabati lenye mlango. Ukilazimika kuyapekua, vaa barakoa, na usiyapulize vumbi kwa mdomo. Sote tumefanya hivyo.

Hatua ya 8: Waambie watu

Usipowaambia, watajiambia wenyewe kwamba una mafua na unaambukiza. Sentensi moja inatosha: "Jamani, huu ni mzio, hauambukizi, mkinisikia napiga chafya msinikimbie." Hata hivyo piga chafya kwenye kiwiko na unawe mikono, maana siku moja yatakuwa mafua kweli.

La manukato ni gumu zaidi. Usilitangaze mbele ya watu, na usianze na lawama. Mwite pembeni: "Dada, samahani, naomba unisaidie jambo. Pua yangu haistahimili manukato yoyote, hata yangu nimeacha. Ukiweza kupunguza siku tunazokaa chumba kimoja, utakuwa umeniokoa." Kwa mkubwa wako wa kazi, lete ombi lenye umbo: kiti fulani, chujio lioshwe, ufagiaji jioni. Malalamiko matupu humchosha, ombi dogo hulitekeleza.

Sasa lile la daftari. Waokaji na unga wa ngano, maseremala na vumbi la mbao, wasusi na unga wa kupaushia nywele, wauguzi na glavu za mpira asilia, wanaotunza wanyama wa maabara, wanaofanya usafi kwa dawa kali: hawa wanaweza kupata mzio unaotokana na kazi yenyewe. Usiuzoee. Mzio wa pua wa kazini unaweza kutangulia pumu ya kazini, na kadiri unavyokaa kwenye chanzo ndivyo inavyokuwa vigumu kurudi nyuma. Hapa kidonge hakitoshi; chanzo ndicho kiondolewe au kifungiwe, na daktari aandike.

Hatua ya 9: Mkutano

Kaa karibu na mlango. Tishu ziwe mfukoni, si kwenye begi chini ya meza. Fungu la chafya likianza, toka, nawa uso, rudi. Usizuie chafya kwa kubana pua na mdomo kwa pamoja: nguvu yake lazima itoke mahali, na madaktari wamewahi kuandika kuhusu mtu aliyechanika koo kwa kufanya hivyo. Mimi hubonyeza kidole juu ya mdomo, chini ya pua. Hunisaidia mara moja kati ya mbili, na sijui mtu mwingine ambaye humsaidia.

Hatua ya 10: Ukirudi

Nguo za kazi zisifike kitandani. Oga, na nywele zako uzioshe kabla ya kulala kama siku ilikuwa ya vumbi. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinastahimili. Joto hilo huua utitiri.

Ukikwama

*Nimepuliza steroidi wiki moja, hakuna kitu.* Rudia Hatua ya 3 mbele ya kioo. Kama mkono ni sahihi, maliza wiki mbili kabla ya kuhukumu. Pua iliyoziba kabisa hairuhusu dawa kupita, kwa hiyo anza na maji ya chumvi.

*Siwezi kuachana na dawa ya kuzibua.* Ongea na daktari. Wengi huanzishiwa ya steroidi kwanza, kisha huacha ile nyingine, baadhi kwa tundu moja moja. Mimi niliacha tundu la kulia kwanza, ili nibaki na moja la kulalia. Siku za kwanza ni mbaya.

*Pua iko sawa, macho ndiyo yanawasha.* Usiyafikiche, kufikicha huongeza muwasho. Kitambaa cha maji baridi, miwani njiani, na muulize mfamasia matone ya macho ya mzio kama ketotifeni. Wanaovaa lenzi wazitoe kwanza, wasubiri walau dakika 10 kabla ya kuzirudisha.

*Kidonge kilinifaa mwaka jana, sasa hakifai.* Mara nyingi kidonge hakijabadilika, kilichobadilika ni kiasi cha vumbi au chavua unachokutana nacho. Rudi kwenye daftari: umehama meza, nyumba au njia?

*Nasinzia hata kwa vidonge vipya.* Jaribu kingine cha kundi hilo, kwa kushauriana na mfamasia, na anza siku ambayo huendeshi. Halafu jiulize unalalaje: pua iliyoziba usiku huiba usingizi, na lawama zinaiendea dawa.

*Tundu moja tu limeziba, miezi.* Mzio kwa kawaida hugusa pande zote. Upande mmoja usiofunguka, damu inayorudiarudia, makamasi yenye harufu mbaya, au maumivu makali ya uso pamoja na homa: nenda hospitali. Maji mepesi yasiyo na rangi yanayodondoka tundu moja baada ya kuumia kichwa ni ya kwenda siku hiyo hiyo.

*Kifua kinabana, napumua kwa mlio.* Hiyo si pua tena. Pumu na mzio wa pua huandamana mara nyingi. Pima mapema, na ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, nenda dharura.

*Nataka kupimwa mzio.* Vizuri, ila kama ni kipimo cha ngozi, uliza mapema uache lini vidonge vya mzio, kwani hufanya kipimo kionekane safi. Mara nyingi utaambiwa siku kadhaa hadi wiki moja kabla. Nenda na daftari lako la Hatua ya 1. Daktari atakuuliza yale yale uliyokwisha kuyaandika.